Kwa Nini Mtu Ajichoshe kwa Hiari Yake?

Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni tumeweka maswali ambayo kikundi chenu kinaweza kujadili.



Vijana waliniuliza swali, nami nikaahidi kulijibu mbele ya watu wote. Waliona kwenye televisheni watu wakiogelea baharini, wakatoka majini wakikimbilia baiskeli, wakaendesha mpaka wakachoka, halafu wakaziacha baiskeli wakaanza kukimbia kwa miguu. Wengine walikuwa na mvi. Wengine walilia walipofika mwisho. Vijana wakauliza: "Hawa watu hulipwa nini?" Nikawaambia wengi wao hawalipwi hata senti. Wao ndio hulipa ili wakubaliwe kushindana.

Najua wengine wenu mnasema moyoni kwamba huo ni wazimu. Haya, basi leo tuutazame huo wazimu. Maana mtu mzima akijichoka kwa hiari yake, bila kulazimishwa na njaa wala na bwana mkubwa, lazima kuna kitu anachokitafuta. Tukikijua, huenda tukajua pia kwa nini watu wetu hujiunga na kikundi kwa furaha na baada ya miezi sita hatuwaoni tena.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Unaitwa triathloni, yaani michezo mitatu katika shindano moja: kuogelea, baiskeli na mbio. Saa huanza kuhesabu unapoingia majini na haisimami mpaka umalize mbio. Hata ule muda wa kuvua nguo za kuogelea na kuvaa viatu unahesabiwa.

Mchezo huu si wa zamani. Shindano la kwanza lililoitwa kwa jina hilo lilifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Wakimbiaji wa klabu moja ndio waliolitunga, wawili wao wakiwa Jack Johnstone na Don Shanahan, ili wapate kitu tofauti na mbio za kila siku. Watu 46 walimaliza. Hawakujua kwamba wameanzisha jambo la dunia nzima.

Miongoni mwa walioshiriki siku ile walikuwamo mwanajeshi wa majini aitwaye John Collins na mkewe Judy. Baadaye walihamia Hawaii. Huko wanamichezo walikuwa na ubishi: nani mwenye mwili imara zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Mnajua ubishi wa namna hiyo, kila mtu huvutia kwake. Collins akasema tuunganishe mashindano matatu makubwa ya kisiwa hiki, tuone. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42. Ili mpate picha: kilomita 180 ni zaidi ya kutoka Nairobi hadi Nakuru, na kilomita 42 ni karibu kama Nairobi hadi Thika. Yote siku moja.

Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 walianza, na 12 wakamaliza. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12. Wakaliita shindano hilo Ironman, yaani mtu wa chuma. Mwaka uliofuata mwanamke wa kwanza, Lyn Lemaire, alimaliza, na kwa hiyo jina hilo la mtu wa chuma halikubaki la wanaume peke yao.

Lakini msidhani kila triathloni ni ndefu hivyo. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na mbio 10. Iko fupi zaidi, ya mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Wengi huanzia hapo.

KAZI YA KUKETI

Sababu ya kwanza ya watu kuingia mchezo huu ni ya kuchekesha kwetu. Wengi wao kazi zao ni za kuketi. Mtu huamka, huketi kwenye gari, huketi ofisini saa nane, hurudi akiwa ameketi, na jioni huketi mbele ya televisheni. Mwili unanenepa, presha inapanda, sukari inapanda. Siku moja daktari anamwambia, "Mzee, ukiendelea hivi hutaona wajukuu."

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kuushughulisha mwili mpaka moyo upige kwa kasi kiasi. Sasa mama anayebeba mtungi kutoka mtoni na kulima hadi saa sita, ukimwambia hivyo atakucheka. Yeye dakika hizo 150 amezimaliza Jumatatu kabla ya chai! Kwa hiyo sikuja hapa kumwambia mama huyo aongeze jasho. Yeye anahitaji tanki la maji karibu na nyumba, na anahitaji kupumzika.

Hata hivyo tuangalie vizuri. Si kila mtu kijijini analima tena. Kuna anayeketi dukani kutwa, kuna kijana wa bodaboda anayeketi juu ya pikipiki kuanzia alfajiri, kuna mwalimu, kuna karani. Presha na sukari zimefika hata kwetu, na si ugonjwa wa matajiri tu kama tulivyozoea kusema.

GOTI LINALOUMA

Sababu ya pili ni maumivu. Mkimbiaji anayekimbia kila siku hupiga mguu uleule juu ya barabara ileile. Baada ya miaka goti linagoma. Anaambiwa apumzike, lakini yeye hawezi kukaa bure. Basi anaingia majini, ambako uzito wa mwili unabebwa na maji. Anapanda baiskeli, ambayo haigongi goti kama lami. Siku moja anagundua kwamba tayari anafanya michezo mitatu.

Hapa pana hekima ambayo mkulima anaijua. Shamba la mahindi peke yake, mvua ikikosa, umekwisha. Mwenye mahindi, maharagwe na mbuzi wa maziwa ana pa kushika. Mwanatriathloni naye si lazima awe bingwa wa kitu kimoja. Kuna mwogeleaji hodari anayepitwa na kila mtu kwenye baiskeli. Kuna mkimbiaji wa mbio nzuri anayetoka majini wa mwisho. Kila mmoja ana mahali anapokuwa mwanafunzi, na mtu mzima akikubali tena kuwa mwanafunzi, roho yake huwa changa.

SISTA ALIYEKATAA KUZEEKA

Sababu ya tatu ni ile hofu ya watu kwamba siku zao zimepita. Wacha niwasimulie habari za Sista Madonna Buder. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1930, akaingia utawani akiwa na miaka 23. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48 padre mmoja alipomweleza kwamba kukimbia kunasaidia kupatanisha mwili, akili na roho. Akajaribu. Miaka 48! Umri ambao kwetu mama huambiwa, "Wewe sasa kaa ulee wajukuu."

Mwaka 1982, akiwa na miaka 52, alifanya triathloni yake ya kwanza huko Ireland. Baada ya hapo alishiriki zaidi ya 300. Aliwahi kuanguka na kuvunjika mifupa mara nyingi, akapona, akarudi. Katika mashindano haya watu hupangwa kwa marika ya miaka mitano mitano, ili mwenye miaka 62 ashindane na wenzake na si na kijana wa 25. Sista alipokuwa anazidi kuzeeka, alifika mahali ambapo rika lake halikuwa limewahi kuwekwa kwa wanawake. Wakalazimika kuliongeza kwa sababu yake, tena si mara moja. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman nzima huko Kanada, kabla ya zile saa 17 zinazoruhusiwa kwisha.

Sisemi akina mama wetu wa miaka 82 wakaogelee. Ninachosema ni kwamba rika hilo halikuwapo mpaka mtu mmoja alipolifikia. Ni mara ngapi katika mikutano yetu tunasema, "Wanawake hawawezi kuchimba kisima," au "Mzee huyu hawezi kujifunza hesabu za daftari"? Huenda nafasi yake haijawekwa tu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuifikia.

BABA NA MWANA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana habari hii inahusu nyumba zetu.

Mwaka 1962 huko Massachusetts, Marekani, Dick na Judy Hoyt walipata mtoto, Rick. Alipozaliwa alikosa hewa kwa sababu kitovu kilimzunguka shingoni, akapata mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kusema. Madaktari waliwashauri wazazi wamweke katika makao ya walemavu, kwamba mtoto huyu hatakuwa na maisha. Wazazi wakakataa. Waliona macho yake yakiwafuata nyumbani, wakajua kwamba anaelewa. Mama yake alipigania akubaliwe shule ya kawaida, na akakubaliwa mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Wataalamu walimtengenezea kompyuta, akawa anaandika maneno kwa kugusa kitufe kwa kichwa.

Mwaka 1977 Rick alimwambia baba yake kwamba anataka washiriki mbio za kumsaidia mwanamichezo aliyepooza. Baba hakuwa mkimbiaji. Akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kilomita 8, wakafika karibu wa mwisho. Usiku ule Rick aliandika kwamba walipokuwa wakikimbia alijisikia kama si mlemavu. Baba akasema, basi tutakimbia.

Baadaye wakaalikwa kwenye triathloni. Dick hakujua kuogelea, na tangu utotoni hakuwa amepanda baiskeli. Akajifunza. Majini alimvuta mwanawe ndani ya mashua ya mpira kwa kamba aliyojifunga mwilini. Kwenye baiskeli alimketisha mbele. Mbio alimsukuma. Walishiriki mashindano zaidi ya 1,000, na zaidi ya 250 kati ya hayo yalikuwa triathloni, pamoja na ile ndefu ya Hawaii. Rick alipata shahada ya chuo kikuu mwaka 1993. Baba alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 80, na Rick mwaka 2023 akiwa na miaka 61. Yule mtoto waliyeambiwa hana maisha.

Ndugu zangu, katika kazi yangu ya kutembelea nyumba nimekuta watoto wa namna hii wamefungiwa chumba cha nyuma. Jirani hajui kama yupo. Mama anaona haya, baba amesema ni laana ya upande wa mama. Nami nauliza: je, katika daftari la kikundi chenu, mama huyo ameandikwa? Anaweza kuja mkutanoni akimwacha mtoto kwa nani? Dick Hoyt aliingia triathloni kwa sababu mtoto wake alimwambia anachotaka, naye akamsikia. Kiti cha magurudumu ni ghali, lakini kikundi kinachoweza kununua mbuzi kinaweza kuanza kukichangia. Na kabla ya kiti, mtoto atolewe nje aone jua.

HAKUNA ANAYEMALIZA PEKE YAKE

Sababu nyingine ya watu kubaki katika mchezo huu ni wenzao. Ukitazama unaona kila mtu yuko peke yake, lakini sivyo. Wanafanya mazoezi kwa klabu. Wakiamka saa kumi na moja, mmoja anajua mwenzake anamngoja kwenye njia panda, na haya ya kumwacha mwenzako kwenye baridi inashinda usingizi. Njiani wapo watu wa kujitolea wanaogawa maji na ndizi mpaka usiku.

Mwingereza Chrissie Wellington, kabla ya kuwa bingwa, alifanya kazi Nepal na shirika lililoshughulika na maji na usafi vijijini. Ni kazi kama hii yetu! Alishinda Hawaii mara nne, mwaka 2007, 2008, 2009 na 2011. Mwaka 2008 alipata pancha akiwa anaongoza, na vijichupa vyake vya hewa ya kujaza gurudumu vikamharibikia. Akasimama kando ya barabara huku wenzake wakimpita. Mshindani wake kutoka Australia, Rebekah Keat, alipofika hapo akampa kijichupa chake mwenyewe. Chrissie akajaza, akaendelea, akashinda. Keat angeweza kupita tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tena mwaka 2016 huko Cozumel, Mexico, Mwingereza Jonathan Brownlee alikuwa wa kwanza, mwisho uko karibu, mara jua likamshinda. Akaanza kuyumba kama mlevi. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki, alikuwa nyuma akishindana na Henri Schoeman wa Afrika Kusini. Alistair akaacha kutafuta ushindi, akamshika mdogo wake, akamkokota mpaka mwisho, akamsukuma mbele yake avuke wa pili. Yeye akawa wa tatu. Schoeman, Mwafrika mwenzetu, ndiye aliyeshinda, na alistahili kabisa. Lakini watu wengi duniani wanawakumbuka wale ndugu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

PANA HATARI PIA

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu ni kizuri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulipata vifo 14 katika mashindano hayo kwa karibu miaka mitatu, na 13 kati yake vilitokea wakati wa kuogelea. Hao walikuwa na mashua za waokoaji karibu. Kwa hiyo vijana, nawaomba, mtu asiruke bwawani leo jioni eti anajaribu triathloni. Bwawa letu lina matope na hakuna mwokoaji. Anayetaka kujifunza kuogelea atafute mwalimu, na asiingie majini peke yake. Mwenye presha amwone daktari kwanza.

Maji yenyewe pia yawe safi. Mwaka 2024 Olimpiki ya Paris ilitaka waogelee katika mto Seine. Serikali ilikuwa imetumia zaidi ya yuro bilioni moja kuusafisha, lakini mvua ilinyesha, uchafu ukaingia mtoni, na shindano la wanaume likaahirishwa kwa siku moja. Ikiwa mto wa nchi tajiri unachafuka kwa mvua ya siku mbili, sisi tunaojenga choo mita kumi kutoka kijitoni tunategemea nini?

Kisha kuna pesa na nyumba. Baiskeli za mashindano ni ghali mno, na anayejiandaa kwa ile ndefu hutumia saa nyingi sana kila juma. Wapo waliopata medali huku mke na watoto wamezoea kula bila wao. Jambo jema likizidi kipimo huwa mzigo kwa wengine. Mwenyekiti anayelala kwenye mikutano huku nyumbani kunavuja, naye ajiangalie.

SISI TUCHUKUE NINI?

Nachukua mambo matatu.

La kwanza, lengo liwe na tarehe na kipimo. Mwanatriathloni hasemi, "Siku moja nitakuwa na afya." Anasema, "Tarehe fulani nitaogelea mita 750." Anaanza na mita 50, kesho 75. Kikundi kisiseme, "Tutainua hali yetu." Kiseme, "Kufikia Desemba, nyumba tano zitakuwa na mtungi wa kuvunia maji ya mvua." Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, tuangalie mahali pa kubadilisha. Nilisema saa haisimami mtu anapovua nguo za kuogelea. Wazoefu hupanga viatu, kofia na maji mapema, kila kitu mahali pake. Wageni hupoteza dakika nyingi wakitafuta soksi. Vikundi vyetu navyo huanguka hapohapo. Hatufi wakati wa kulima. Tunakufa tunapotoka uongozi mmoja kwenda mwingine, au mradi wa kuku unapokwisha na wa miche haujaanza. Mweka hazina mpya anapokea daftari lenye kurasa zilizochanwa, na ufunguo wa sanduku haujulikani uko wapi. Kabla ya uchaguzi, hesabu zisomwe mbele ya wote na vitu vikabidhiwe kwa maandishi.

La tatu, aliye nyuma aheshimiwe. Huko Hawaii watu wengi hubaki hadi usiku wa manane kuwashangilia wa mwisho, na mara nyingine mabingwa wenyewe hurudi kuwapokea. Kwetu mwanachama akichelewesha mchango wa mzunguko miezi miwili, tunamwimba sokoni. Baadaye anaacha kuja, na tunasema ni mvivu. Je, kuna aliyekwenda kumwuliza kama mtoto alikuwa hospitalini?

Basi vijana, jibu la swali lenu ni hili. Watu hao hulipwa kwa kujua kwamba walianza kitu kigumu wakakimaliza, na kwamba kulikuwa na watu mwishoni wakiwangoja. Mwanadamu anakitaka kitu hicho kama anavyotaka chakula. Kikundi kinachompa hicho, hatakiacha.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu tuliyemwambia, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba umri wake umepita?

2. Je, kuna mtoto au mtu mzima mlemavu kijijini ambaye haonekani nje? Nani kati yetu atatembelea nyumba hiyo, na lini?

3. Lengo letu la mwaka huu lina tarehe na kipimo? Liandikeni upya kwa sentensi moja.

4. Mara ya mwisho tulipobadilisha viongozi, ni nini kilipotea? Tutafanya nini ili kisipotee tena?

5. Mwanachama aliyeacha kuja, tulimfuata? Chagueni watu wawili waende kumwona kabla ya mkutano ujao.